Viatu vya Kuendea Usaili wa Kazi

 Natumaini mwalimu wenu amekwisha kufuta ubao, na kila mtu ana daftari na kalamu. Leo hatutasoma hadithi. Tutazungumza habari za viatu, wala si viatu vyote, ila vile mtu avivaavyo siku anapoitwa kwenda kuulizwa maswali ya kazi. Siku hiyo twaiita siku ya usaili, na wale wanaouliza maswali ni wasaili.

[Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya, na wanafunzi wayasome pamoja: usaili, msaili, soli, kisigino, namba.]

Huenda mmoja wenu akasema: "Mwalimu, nimejifunza kusoma kwa taabu nyingi, usiku baada ya kazi za shamba na za nyumbani, na sasa waniambia habari za viatu?" Swali hilo ni la haki. Lakini fikirini. Wengi katika madarasa haya wanaomba kazi za ulinzi, usafi, upishi, udereva na utarishi. Barua ya maombi umeiandika kwa mkono wako mwenyewe, labda ni ya kwanza tangu uzaliwe. Imejibiwa. Umeambiwa ufike saa mbili asubuhi na vyeti vyako. Umefika mbali sana kwa miguu hiyo, na ingekuwa hasara kubwa kazi ikuponyoke kwa sababu ya kiatu kinachobana.

Nimesema kinachobana, sikusema kilichochakaa. Watu wengi huogopa kiatu cha zamani, wakakimbilia kununua kipya kwa fedha ya mkopo, tena siku moja kabla ya usaili. Mimi kwa kazi yangu nimekaa mara nyingi upande ule wa meza wanakokaa wasaili. Kiatu cha zamani kilichosafishwa sijaona kikimharibia mtu. Kiatu kipya kinachouma nimeona kikimharibia. Mtu anayeumwa kidole hasikii swali vizuri. Hujibu upesi ili mambo yaishe. Akiulizwa, "Je, una swali lolote kwetu?" husema hana, maana anataka kutoka nje avue viatu.

Tena usidhani kwamba utakaa kitini tangu mwanzo. Mwezi wa Juni mwaka 2014, watu zaidi ya 10,000 walifika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa ajili ya usaili wa nafasi 70 za kazi katika idara ya uhamiaji. Watu walipangwa uwanjani kama siku ya mpira. Wewe huenda ukaitwa pamoja na watu ishirini tu, lakini yafaa ujue kwamba kungoja ni sehemu ya usaili, na mara nyingi mtu hungoja akiwa amesimama.

Je, wasaili hutazama viatu? Hutazama. Unapofungua mlango una hatua chache za kutembea mpaka kwenye kiti, na wao wamekaa. Macho yao huanza usoni pako, kisha hushuka. Wengine hupinga desturi hii, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Si haki kumnyima mtu kazi kwa kuwa kiatu chake kina kiraka, na msaili mwenye busara hafanyi hivyo. Lakini kiraka ni jambo moja na matope ya juzi ni jambo jingine. Matope mtu angeweza kuyaondoa kwa maji ya kikombe kimoja, na hata maskini anayo maji ya kikombe kimoja.

Basi tuanze na mguu wenyewe, maana hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Mguu wa mtu hauwi sawa asubuhi na jioni. Baada ya kutembea na kusimama mchana kutwa huvimba kidogo. Ukinunua kiatu asubuhi na mapema, chaweza kukutosha vizuri dukani, na saa nane mchana kikawa kama koleo. Kwa hiyo pima mguu wako jioni, na kama waweza, nunua jioni.

Namna ya kupima ni hii. Weka karatasi sakafuni, upande mmoja uguse ukuta. Simama juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta. Usikae kitini, maana mguu hurefuka unapobeba uzito wa mwili. Mwenzako apige mstari mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine ni kidole gumba, kwa wengine ni cha pili. Sasa pima kwa rula kutoka ukingo wa karatasi hata kwenye mstari. Fanya vivyo hivyo kwa mguu wa pili. Utaona kwamba miguu yako miwili hailingani sawasawa. Chukua kipimo cha ule ulio mrefu zaidi, maana mguu mfupi ukizidiwa na kiatu waweza kuuwekea soksi nene au kipande cha gamba ndani, lakini mguu mrefu hauwezi kukatwa.

[Mwalimu aandike ubaoni: 25 + 1.5 = 26.5. Kisha: 26.5 × 3 = 79.5. Kisha: 79.5 ÷ 2 = 39.75.]

Tuseme mguu wako ni sentimita 25. Ongeza sentimita moja na nusu, ndiyo nafasi ya vidole kusogea. Umepata 26.5. Zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa 2. Umepata 39.75, yaani karibu 40. Basi wewe tafuta kiatu namba 40. Hesabu hii si uchawi. Katika vipimo vinavyotumika Ulaya bara, kila namba moja ya kiatu ni theluthi mbili za sentimita. Mtu mwenye kiatu namba 42 na mwenye 43 wametofautiana kwa kiasi kidogo kuliko upana wa ukucha wa kidole gumba, na hata hivyo mguu watambua.

Waingereza wana kipimo chao. Wao walianzia na punje ya shayiri. Punje tatu zikilazwa kwa urefu, moja mbele ya nyingine, zilihesabiwa kuwa inchi moja, na kila namba ya kiatu ni punje moja, yaani theluthi ya inchi. Ndiyo maana chini ya kiatu kimoja utaona namba 42 na pembeni yake namba 8. Zote mbili ni sahihi. Vivyo hivyo 38 kwa kawaida ni sawa na 5 ya Kiingereza. Nimewaona watu sokoni wakikirudisha kiatu namba 8 wakisema ni cha mtoto! Wamarekani nao wana hesabu yao nyingine. Hapo usibishane na namba, vaa ujaribu.

Wazee wetu walikuwa na njia rahisi. Mtu asiyeweza kwenda mjini alikata ujiti wenye urefu wa mguu wake, akampa ndugu anayesafiri. Njia hii bado yatumika, nayo si mbaya, lakini ina kasoro mbili. Ujiti hausemi upana wa mguu. Tena ujiti ukiingia ndani ya kiatu ukagusa mbele na nyuma, ndugu yako hufurahi akadhani amepata, kumbe nafasi ya vidole haikuachwa. Kama huna budi kumtuma mtu, mpe karatasi yenye picha ya mguu mzima, umechora kwa kalamu kuuzunguka, na juu yake uandike namba uliyoipata kwa hesabu. Mwanafunzi wa darasa hili aweza kuandika hayo bila kusaidiwa.

Sasa twende sokoni. Wengi wetu hununua viatu vya mitumba, wala si aibu. Pale Mchikichini, Ilala, au Gikomba, Nairobi, mtu mwenye jicho hupata kiatu cha ngozi imara kuliko kipya cha plastiki cha bei ile ile. Neno ni kuwa na jicho.

Vaa vyote viwili, usivae kimoja. Mara nyingine huwa viatu viwili vinafanana sura lakini namba si moja. Vaa na soksi zile utakazovaa siku yenyewe. Muuzaji atakutandikia boksi au gunia ukanyage usikichafue kiatu. Mshukuru, lakini ukimaliza kusimama juu ya boksi, mwombe utembee hatua chache kwenye sakafu ngumu, maana juu ya boksi kila kiatu ni laini. Bonyeza mbele kwa kidole gumba cha mkono. Kati ya kidole chako kirefu cha mguu na ncha ya kiatu pawe na nafasi karibu ya upana wa kidole gumba hicho. Usikubali maneno ya "kitaachia tu". Ngozi huachia kidogo kwa upana, haiachii kwa urefu. Plastiki haiachii hata kidogo.

Kisha pindua kiatu utazame soli. Kama kisigino kimelika upande mmoja sana, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na kiatu kitakulazimisha uufuate. Kiache.

Yako maandishi mengine ya kusoma, nayo si herufi. Viatu vingi vilivyouzwa Ulaya vina kibandiko chenye picha ndogo ndogo. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1994 iliwataka watengenezaji waonyeshe kiatu kimetengenezwa kwa nini. Picha iliyo kama ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Picha ya nyuzi zilizosukwa kama mkeka ni kitambaa. Picha ya msimamo wa almasi, yaani mraba uliosimama kwa pembe, ni kitu kingine, mara nyingi mpira au plastiki. Picha hizo hupangwa kwa sehemu tatu za kiatu: juu, ndani, na soli. Kwa hiyo kiatu chaweza kuwa na ngozi juu, kitambaa ndani, na mpira chini, na hicho ni kiatu kizuri cha kwenda kutafuta kazi. Soli ya ngozi hupendeza, lakini kwenye sakafu ya vigae iliyopigwa deki asubuhi huteleza.

Lipo jambo moja ambalo limewafedhehesha watu bila kosa lao, nami nataka mlisikilize vizuri. Mtu ana viatu alivyovinunua kwa ajili ya harusi, miaka sita iliyopita. Amevihifadhi sandukuni, amevifunga kwa karatasi. Siku ya usaili avitoa, vinang'aa. Afika nusu ya njia, soli yamomonyoka kama mkate mkavu, vipande vyeusi vyabaki barabarani. Husema amerogwa. Hakurogwa. Soli nyingi za siku hizi, hasa zile nyepesi na laini, hutengenezwa kwa plastiki iitwayo poliyurethani. Unyevu wa hewa huivunja plastiki hiyo pole pole kutoka ndani, hata kama kiatu hakivaliwi. Joto huongeza kasi. Kwa sababu hiyo watu wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja yafaa wawe waangalifu kuliko watu wa Iringa. Tena kiatu kinachovaliwa mara kwa mara humpa mwenyewe dalili mapema, lakini kilichofichwa hungoja siku ya shughuli.

Basi wiki moja kabla ya usaili, toa viatu vyako. Kunja soli kwa mikono miwili. Bonyeza kwa ukucha. Ukiona nyufa, au soli inanatanata, au unga unatoka, peleka kwa fundi viatu akutilie soli ya mpira. Hata kama soli ni nzima lakini imegandishwa kwa gundi tu, mwambie fundi aishone kuzunguka. Fundi zetu wa chini ya mwembe wanaijua kazi hii vizuri, na uzi wa fundi huvumilia joto la lami kuliko gundi ya kiwandani. Baada ya hapo vaa viatu hivyo nyumbani siku mbili au tatu, saa moja moja, ukiwa wapika au wafagia. Kama vina mahali panapouma, utapajua ukiwa bado na muda.

Sasa, kiatu gani kwa kazi gani? Hapa sitatoa sheria moja, maana kazi si moja.

Kazi ya ofisi, iwe karani, tarishi au mhudumu wa kupeleka chai, yataka kiatu kilichofunika vidole, cheusi au cha rangi ya kahawia, kisicho na mapambo mengi. Hapa Tanzania watumishi wa umma walipewa waraka wa mavazi mwaka 2007, na kwenye milango ya ofisi nyingi za serikali pamewekwa ubao wenye picha za mavazi yasiyoruhusiwa. Ukipita karibu na ofisi hiyo kabla ya siku yako, simama uusome ubao. Hugharimu dakika moja. Mlinzi wa mlangoni hana mamlaka ya kukupa kazi, lakini ya kukuzuia anayo.

Kazi ya ulinzi ni kazi ya kusimama na kutembea usiku. Vaa buti nyeusi kama unazo, au kiatu cheusi cha kufunga kwa kamba. Dereva asiende na kandambili wala kiatu kinachovuka kisigino, maana huenda akapewa gari alijaribu papo hapo, na kandambili hunasa chini ya breki. Msaili anayejua magari hutazama miguu kabla ya leseni. Mpishi na mhudumu wa hoteli wachague soli isiyoteleza, na kiatu kilichofungwa, kwa sababu jikoni mna mafuta sakafuni na visu mezani.

Wanaoomba kazi za viwandani na za ujenzi wanisikilize. Buti za usalama zenye chuma mbele ni ghali, nawe huna haja ya kujiingiza katika deni ili uende nazo kwenye usaili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kenya wana sheria kama hiyo ya mwaka 2007. Wewe nenda na kiatu kigumu kilichofunika mguu mzima, maana waweza kuambiwa upande jukwaa au ubebe kitu kidogo waone. Ukiulizwa kama una swali, hilo ndilo swali zuri: "Je, buti na kofia za kazi hutolewa lini?" Anayeuliza hivyo aonekana amekwisha kufanya kazi, au angalau ameifikiria.

Kina mama na kina dada, nanyi mna neno lenu. Viatu vya mchuchumio vina mahali pake, na sherehe ni mahali pake. Kisigino kikiwa kirefu, uzito wa mwili wote husukumwa mbele juu ya vidole. Ukisimama kwenye foleni saa tatu utaona tofauti. Tena ofisi nyingine ziko ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi. Kisigino kifupi na kipana, kiasi cha vidole viwili, chatosha kabisa. Kama hukuzoea kisigino chochote, vaa kiatu bapa kilicho safi, na hakuna mwenye akili atakayekuhesabia kosa.

Kwa wale wanaokwenda kuulizwa habari za kazi za nyumbani, kumbukeni kwamba katika nyumba nyingi viatu huvuliwa mlangoni. Basi hapo kiatu chako kizuri kitabaki nje, na kitakachoingia ndani ni soksi au mguu mtupu. Soksi yenye tundu ishone jana yake. Mguu wenye magaga uusugue kwa jiwe wakati wa kuoga, ukaupake mafuta kwa siku kadhaa mfululizo. Si kazi ya usiku mmoja.

Msikilizaji mmoja ametuandikia akiuliza: "Je, naweza kuazima viatu vya kaka yangu?" Ndiyo, waweza, kama mguu wako na wake ni namba moja. Kama ni vikubwa kwa namba moja, tia soksi nene na ukaze kamba. Kama ni vidogo hata kwa nusu, mrudishie kwa heshima. Mtu aliyeazima kiatu kidogo huchechemea, na wasaili hudhani ni mgonjwa. Tena vijaribu mapema, na mkubaliane ni siku gani utavirudisha, ili udugu usiharibike kwa ajili ya viatu.

Tuje kwenye fedha. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, nyinyi mtaweka za kwenu.

[Mwalimu aandike ubaoni: nauli 6,000, nakala za vyeti na picha 5,000, chakula 3,000. Wanafunzi wajumlishe.]

Tuseme unazo shilingi 40,000 tu. Matumizi hayo ya ubaoni ni shilingi 14,000. Zimebaki 26,000. Viatu vipya dukani ni shilingi 35,000. Huna budi kukopa 9,000, na mfukoni hakuna kitu. Sasa tazama njia ya pili. Fundi akutilie soli na kushona, shilingi 8,000. Dawa ya viatu, shilingi 2,000. Umetumia 10,000, na 16,000 zimebaki. Kazi nyingi siku hizi, hasa za serikali, zina usaili wa kuandika kwanza, na wanaofaulu huitwa tena kwa usaili wa mdomo au wa vitendo. Kwa hiyo utahitaji nauli mara mbili. Nimesikia habari za watu waliofaulu mara ya kwanza wakakosa kurudi kwa kuwa nauli ilikwisha, na miguuni walikuwa na viatu vizuri mno.

Juu ya dawa ya viatu nitasema machache. Watu wengi huiita kiwi, hata kama kopo lina jina jingine. Neno hilo lilitoka kwenye dawa iliyotengenezwa kwanza Australia mwaka 1906. Mtengenezaji wake aliipa jina la ndege wa New Zealand asiyeweza kuruka, kwa sababu mkewe alitoka nchi hiyo. Ndege huyo hajawahi kufika kwetu, lakini jina lake limefika hadi kwa kila mpiga viatu rangi wa stendi.

Kupaka kwenyewe kuna utaratibu. Toa kamba kwanza. Ondoa vumbi kwa brashi au kitambaa, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, na usisahau ukingo wa soli, maana huko ndiko matope hujificha. Acha kikauke. Ukipaka dawa juu ya vumbi umetengeneza tope jeusi. Paka kidogo, kote, kisha ngoja dakika kumi. Dawa ina nta ndani yake, na nta hujaza nyufa ndogo za ngozi. Ndipo upige brashi, halafu umalizie na kitambaa kikavu. Fanya hivyo usiku, si asubuhi, ili dawa isikuchafue suruali au gauni. Kiatu kikilowa mvua, kijaze magazeti ya zamani na ukiweke mahali penye upepo. Usikiweke karibu na moto wala juani, maana ngozi ikikauka kwa ghafla hupasuka.

Siku yenyewe imefika. Kama wakati ni wa masika, au njia ni ya vumbi, beba viatu vyako ndani ya mfuko, ukatembee kwa kandambili mpaka karibu. Wala usione haya, wafanyakazi wengi wa mjini hufanya hivyo kila siku. Chagua mahali pa kubadilisha kabla hujafika getini: kibanda cha chai, au kwa fundi viatu wa karibu na kituo cha basi. Chukua kitambaa kimoja kibichi cha miguu na kimoja kikavu cha viatu. Vaa soksi. Mguu usio na soksi ndani ya kiatu kilichofungwa, ukingoja saa tatu kwenye joto, watu wote chumbani watajua. Kandambili zako zifunge vizuri ndani ya mfuko, na mfuko umwachie mlinzi, au uuweke chini ya kiti chako. Kaza kamba za viatu mafundo mawili.

Ukiwa unangoja, usivue viatu hata kama wengine wanavua. Waweza kuitwa ghafla, na mguu uliovimba hautaki kurudi ndani upesi.

Kazi ya wiki hii ni fupi. Kila mwanafunzi apime miguu yake miwili kwa karatasi na ukuta, jioni, kama nilivyoeleza. Aandike katika daftari: mguu wa kulia, sentimita kadha, mguu wa kushoto, sentimita kadha, namba ya kiatu, kadha. Kisha atazame namba iliyo chini ya viatu alivyo navyo, aiandike pembeni. Darasani mwalimu atawauliza ni wangapi namba zao hazikulingana.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutajifunza kujaza fomu ya maombi ya kazi: jina, mahali pa kuzaliwa, na pale palipoandikwa "saini". Njooni na kalamu ya wino. Kwaherini.